Wimbo Bila Majigambo

Enilda Cásseres alisikia mluzi wa kwanza Alhamisi asubuhi, akizungusha mkono wa mashine ya kusagia mahindi. Binti wa jirani alikuwa anapita na ndoo ya barafu kichwani, midomo kaibinua. Enilda hakumjali. Mluzi wa pili ulitoka kwa muuza maparachichi, na huo ulimfanya ainue uso. Wa tatu ulitoka juu ya paa la nyumba ya pili, kwa Nelson fundi wa mabati, na hapo mkono wa mashine ukasimama.

Tone. Tone, tone. Halafu yote kwa pamoja.

Haiwezekani, alijiambia. Huo ni wetu.

Mtaa mzima uliujua wimbo huo, na hakuna aliyeweza kuupiga mluzi sawasawa. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya nyumba yake. Mumewe, Rosendo Herazo, alikuwa mwenye picó, ule mtambo wa maspika yaliyopangwa kama ukuta wa nyumba, ambao Jumapili hupelekwa uwanjani watu wakacheza mpaka soli za viatu ziachie. Picó yake iliitwa El Alcaraván, jina la ndege wa miguu mirefu anayepiga kelele mgeni akikaribia nyumba. Ndege mwenyewe alichorwa kwenye kitambaa cha mbele, macho mekundu, mdomo wazi.

Kila picó mjini Cartagena ina wimbo ambao picó nyingine haina. Bila huo wimbo, una mbao na nyaya tu. Wimbo wa Alcaraván ulikuwa kwenye santuri moja iliyoletwa na baharia kutoka Afrika, wakati baba yake Rosendo, Don Eusebio, bado ana meno yake yote. Siku ile ile mzee aliikwangua lebo kwa wembe, pande zote mbili, kabla hata mwanawe hajaisoma, ili duniani asipatikane mtu wa kusema wimbo unaitwaje wala nani anauimba. Watu waliubatiza wenyewe: El Aguacero, mvua ya ghafla, kwa namna gitaa lake linavyoanza.

Na haukupigwa mtupu hata siku moja. Kuanzia gitaa la kwanza mpaka ngoma ya mwisho Rosendo alikuwa juu yake na maikrofoni: "Alcaraván! Aliyelala aamke! Mwenye wivu ajifunge na waya wake!" Majigambo yaliingia kila penye upenyo. Mtu aliyekuja na kinasa sauti ndani ya kofia aliondoka na sauti ya Rosendo, na wimbo ukichungulia kwa nyuma kama mtoto nyuma ya sketi ya mama yake. Ndiyo maana mtaa uliujua na haukuujua. Pale katikati, gitaa linapopanda ngazi tatu kisha likateleza, hapakuwahi kusikika wazi nje ya nyumba ya Herazo.

Nelson alikuwa anapiga mluzi wa hapo hapo. Ngazi tatu, kisha mtelezo.

"Wee Nelson!" Enilda alipaza sauti. "Wimbo gani huo?"

"Wa gemu, Seño Enilda! Ile ya Yuleidis wako. Kwangu hakulaliki, mtoto haachi simu. Binti yako ana kichwa, mama!"

Sifa hiyo haikumfurahisha Enilda hata kidogo.

Alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Aliacha shule darasa la tano, huko kijijini Palenque, akaanza kuuza peremende za nazi ufukweni na beseni kichwani, na kazi hiyo ilimfundisha kuangalia: wimbi linalokuja, askari anayekuja, mkono wa mgeni unaokuja. Alipoolewa, macho hayo hayo aliyaleta kwenye picó. Kila Jumapili alikaanga arepa za mayai, vile vimkate vya mahindi vyenye yai ndani, mlangoni mwa uwanja, na kabla ugomvi haujaanza alishajua, maana wanaume wawili wakicheka kuliko kichekesho chenyewe, alikuwa anaondoa mafuta ya moto njiani. Watu walimtania kwamba yeye ndiye ndege aliyechorwa pale mbele.

Lakini safari hii ndege hakulia. Na sababu aliijua. Ufunguo wa sanduku la santuri aliuvaa yeye, shingoni, pamoja na msalaba, kwa kuwa Rosendo hupoteza kila kitu kisichomzidi uzito. Wiki tatu zilizopita Rosendo alikwenda mji wa Barranquilla kutafuta transfoma, na Yuleidis, binti yao wa pekee, miaka kumi na saba, akamjia jikoni.

"Mami, nifungulie. Nataka kuusikiliza tu. Mara moja, bila Papi kupiga kelele."

Angeweza kukataa. Ukweli ni kwamba na yeye alitaka. Alikuwa ameishi na wimbo ule miaka ishirini na miwili na hakuwa ameusikia. Waliusikiliza wawili, wameketi ukingoni mwa kitanda, na katikati, pale Rosendo anapolitaja jina la baba yake mara nne, Enilda alisikia kwamba mwimbaji anacheka. Kicheko kidogo, kama mtu aliyemwona rafiki mlangoni. Kilimfurahisha kiasi kwamba hakuuliza ule waya uliotoka kwenye mashine ya santuri kwenda kwenye kompyuta ya binti yake ulikuwa wa nini.

Aliacha mahindi, akaingia chumbani.

"Yuleidis Herazo Cásseres."

Msichana aligeuka. Jina kamili, nyumbani kwao, halikuwahi kuleta heri. "Nimefanya nini?"

"Umeuweka."

"Nimeweka nini wapi, Mami?"

"Usinifanye mtalii. Aguacero. Umeuweka kwenye gemu, na sasa Nelson anaupiga mluzi juu ya paa."

Yuleidis aliinuka kitini. "Nelson anaicheza gemu yangu?" alisema, na uso wake uling'aa kabla hajauzuia.

"Nionyeshe," Enilda alisema. "Kabla sijakuchapa na hicho kiti."

Ilikuwa gemu ndogo. Msichana aliyechorwa kwa vibonge vya rangi alitembea kwenye mikoko amebeba sanduku mgongoni. Maji yakimzidi, anakufa, kisha anarudi mwanzo. Na kila akirudi kuna kitu amekisahau. Kwanza jina la mtaa wake. Kisha uso wa mama yake. Mwisho wa mikoko alisimama yangeyange mweupe, akauliza: Wewe ni yule yule? Ndiyo, au Hapana. Enilda alibonyeza Ndiyo. Yangeyange akamsukuma majini. Akabonyeza Hapana. Akasukumwa tena.

"Sasa huyu ndege anataka nini?"

"Usimjibu. Mwalimu wa falsafa alitaka kurasa tatu, Mami: mtu akibadilika kila kitu, ni kipi kinamfanya abaki yeye. Mimi kurasa tatu siziwezi. Unakumbuka nilimuuliza Papi mezani? Spika mpya, mbao mpya, rangi mpya, hata yule ndege kachorwa upya mara tano. Kwa nini bado ni Alcaraván?"

Enilda alikumbuka. Rosendo alikuwa na mfupa wa samaki mdomoni, akautoa ili ajibu vizuri: "Kwa sababu ya Aguacero, binti yangu. Huo tu ndio haujabadilishwa."

"Basi," Yuleidis alisema. "Msichana anasahau vyote, isipokuwa wimbo. Ukisimama mbele ya yangeyange bila kubonyeza kitu, wimbo unacheza hadi pale anapocheka, halafu lango linafunguka."

Enilda aliendelea kumtazama yule ndege. Maswali ya namna hiyo hayakuwa mageni kwake. Palenque, mtu akifa, wanawake humwimbia siku tisa, na bibi yake alikuwa akisema marehemu bado ni mtu wa nyumba ile ile mpaka wimbo ukatike. Bibi hakuwahi kusikia neno falsafa. Lakini bibi hakuwa na mume mwenye mashindano Jumapili.

"Utoe."

"Gemu itakufa."

"Na baba yako je? Jumapili anapambana na picó ya Trueno Verde. Mwenyewe, Wilfrido Torregroza, amekuja na maspika marefu kama kanisa. Baba yako ana nini? Ana huo wimbo tu!"

"Mami." Sauti ya msichana ilipungua. "Hata nikiutoa leo, haurudi. Gemu iko kwenye simu za watu mia nne."

Enilda aliketi kitandani. Mia nne. Majigambo ya miaka arobaini, mchana na jua kali, yote ya kazi gani.

Siku hiyo aligeuka mtu wa ajabu mtaani. Mtoto akibinua midomo, Enilda yupo na kashata ya nazi: "Kula, mwanangu, kula, mdomo mtupu si mzuri." Muuza maparachichi alimkaripia kwamba mluzi unaita nyoka. Jioni Rosendo alirudi na waya mabegani, akasimama barazani, akainua kichwa kama mbwa aliyenusa kitu.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Kuna mtu anapiga mluzi."

"Ni Nelson. Ana jino linamuuma."

Rosendo alicheka, akaingia kuoga. Enilda alibaki ameshika nguzo ya baraza.

Ijumaa ilimletea habari mbaya zaidi, na habari mbaya mtaani kwao zililetwa na komadre wake Delcy, mama wa ubatizo wa Yuleidis, mwanamke ambaye hakuwahi kuketi bila kuvua viatu kwanza.

"Shoga, nina jambo, ila usiseme nimesema."

"Sema."

"Yule mtangazaji wa Trueno Verde, mwenye jino la dhahabu. Jana alikuwa nje ya shule anawanunulia watoto barafu ya sharubati. Mtu mzima yule! Nikasema huyu ana lake. Nikasogea. Kumbe anawaambia, nionyesheni hiyo gemu ya binti wa Herazo."

"Wakamwonyesha?"

"Kwa barafu ya ukwaju? Wangemwonyesha na vitambulisho vya mama zao. Halafu akashika simu yake nyingine, akaisogeza karibu na ile yenye gemu. Unajua simu za siku hizi, unaisikilizisha wimbo, inakutajia mpaka ukoo wake."

"Ikamtajia?"

"Alicheka, Enilda. Jino lote lilionekana."

Enilda alijua kwamba lazima amwambie Rosendo. Mwanamume aliyejiandaa kupigwa huanguka tofauti na aliyeshtukizwa. Jumamosi alimkuta kwenye kivuli cha ukuta, amekunja miguu, anasafisha sindano ya mashine ya santuri kwa brashi ya kupakia wanja, ambayo ilikuwa ya Enilda. Alikuwa na furaha. Alifurahi kama watu wanavyofurahi siku moja kabla ya jambo.

"Njoo uone," alisema. "Wilfrido anadhani ukubwa ndio muziki. Wacha apige kelele zake. Nikimaliza naye kesho atayauza maspika yale afuge kuku ndani."

"Rosendo."

"Watu watakuwa wanangoja tone la kwanza tu. Mzee aliniambia siku anakufa, unajua? Mwanangu, usimwonyeshe mtu huu wimbo akiwa uchi. Hakusema nikutunze wewe wala nyumba."

"Rosendo, sikiliza."

Aliinua uso. Alikuwa na doa la mafuta kwenye paji la uso, na macho yake hayakuwa yanashuku chochote. Miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuuliza ufunguo uko wapi.

"Nini, mke wangu?"

"Mayai yamepanda," Enilda alisema.

"Basi punguza ukubwa wa arepa," alisema Rosendo, akarudi kwenye sindano yake.

Jumapili saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Upande wa mashariki ulisimama Trueno Verde, kijani kibichi, maspika marefu kuliko ukuta, na radi iliyochorwa kwa rangi inayong'aa. Upande wa magharibi Alcaraván, mfupi, mpana, umri umemkalia begani. Katikati mita arobaini za vumbi lililomwagiwa maji, na watu wawili wawili, kila jozi ikicheza kwenye eneo lisilozidi kigae kimoja. Utaratibu ulikuwa ule wa siku zote: nusu saa wewe, nusu saa mimi, na atakayekimbiwa na watu anazima mwenyewe bila kuambiwa.

Enilda aliweka meza yake karibu na nguzo ya Alcaraván badala ya mlangoni. Yuleidis alisimama kando yake anapasua mayai, na kila yai la tatu lilimwagika nje.

"Mami, labda hawatathubutu."

"Pasua mayai."

Rosendo alianza. Alipiga nyimbo za kupasha moto, akatania, akamwambia Wilfrido kwenye maikrofoni kwamba maspika yake yamevaa suti ya kukodi. Watu walicheka. Aguacero aliuficha kwa zamu yake ya pili, kama desturi. Kisha akakabidhi.

Trueno Verde ilinyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyopaswa. Enilda aliona. Aliona yule mtangazaji mwenye jino la dhahabu anatazama upande wao, anacheka, na hakukuwa na kichekesho. Akaondoa sufuria ya mafuta motoni, akaiweka chini.

Tone.

Ilikuwa sauti safi, iliyooshwa, kubwa kama anga. Tone, tone.

Wachezaji waligeuka kumtazama Rosendo, wakidhani ni yeye. Rosendo naye alitazama mashine yake mwenyewe, iliyosimama, sindano hewani. Kisha mvua yote ikashuka, kutoka upande wa mashariki.

Hakuna aliyecheza mwanzoni. Halafu, kwa kuwa mwili hauna aibu, nyonga zikaanza. Na hapo kikatokea kitu ambacho Enilda hakukitegemea: penye upenyo wa kwanza, vinywa vya watu vilifunguka vyenyewe. "Alcaraván!" walipiga kelele watu mia tano, wakiwa wametazama maspika ya adui. "Aliyelala aamke!" Hawakuujua wimbo vinginevyo. Upenyo wa pili: "Mwenye wivu ajifunge na waya wake!" Wilfrido Torregroza, mtu mnene mwenye kofia ya nyasi, alitoka nyuma ya mtambo wake na kupunga mikono, hapana, hapana, lakini ungemzuia nani?

Enilda alitaka kucheka. Alimtazama mumewe, kicheko kikamkauka. Rosendo hakuwa anasikia watu. Alikuwa anausikia wimbo.

Mtangazaji mwenye jino alishusha sauti ya muziki ghafla, akashika maikrofoni.

"Imbeni, imbeni! Lakini mnaimba jina la bure. Miaka arobaini mmedanganywa na wembe! Wimbo huu si Aguacero. Unaitwa Mboka Mosika." Alisoma kwenye simu polepole, kama mtoto wa shule. "Mwimbaji, Elise Tshibola. Mwanamke, mabibi na mabwana! Mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne. Herazo, ulikuwa unajua jina la mke wa nyumba yako?"

Uwanja ulifanya "uuu". Midomo ya Rosendo ilitikisika. Enilda alikuwa karibu vya kutosha kuona anachosema: Elise. Elise Tshibola. Alikuwa analijaribu, kama mtu anayejaribu jino jipya. Hakuwa amelijua. Mzee hakumwachia hata yeye.

Kisha Rosendo aligeuka, akamwona mkewe. Alitazama ufunguo shingoni mwake.

"Nani alifungua sanduku?"

"Papi, ni mimi niliye—" Yuleidis alianza.

"Nyamaza," Enilda alisema. "Ni mimi. Mimi nilifungua, kwa mkono huu. Aliomba, nikampa. Na mimi niliusikiliza."

"Lini?"

"Ulipokwenda Barranquilla."

"Na jana mayai yalikuwa yamepanda."

"Niliogopa, Rosendo."

Alimsogelea. Kiunoni alikuwa na bisibisi ndefu anayotembea nayo siku zote, na mkono wake ulikuwa juu yake, na Enilda, aliyeishi maisha yake yote akiangalia mikono, hakujua mkono huu ungekwenda wapi. Vijana wawili wa Trueno Verde walikuwa wameanza kusogea, wakidhani anakuja kwao. Watu wa katikati walifungua njia. Njia ikifunguka namna hiyo uwanjani, huwa inatembewa.

"Utamchapa mtu, Papi?" Yuleidis aliuliza, sauti imekatika.

Rosendo alimgeukia. Aliuliza swali lake. "Ulinakili upande upi?"

"Nini?"

"Santuri ina pande mbili, mtoto. Upande upi?"

"Huu... huu wenye Aguacero. Ule mwingine sikuugeuza. Mami alisema mara moja tu."

Mkono ulitoka kwenye bisibisi. Rosendo aliitazama santuri iliyokuwa imelala kwenye mashine yake, upara katikati, ikingoja zamu yake. Enilda aliona mawazo yanampita usoni moja baada ya jingine. Upande wa pili haukuwahi kupigwa uwanjani. Don Eusebio aliujaribu siku ya kwanza, akasema ni wa polepole, hauchezeki, akaufunga, na hakuna mtu hufungua kilichofungwa na marehemu.

"Wilfrido anatafuta," Yuleidis alinong'ona. "Tazama."

Ng'ambo, Wilfrido na mtangazaji wake walikuwa wameinamia simu. Walishakuwa na jina. Jina lingewapa upande wa pili pia, kama wangejua kuutafuta, kama mtandao ungekubali, na uwanjani pale na watu mia tano mtandao ulikuwa mzito kama uji wa jana. Dakika kumi. Pengine tano.

"Zamu yangu!" Rosendo alinguruma bila maikrofoni.

"Bado una dakika ishirini za kungoja!" mtangazaji alijibu.

"Umeishiwa! Wimbo wangu umekwisha, una nini kingine? Piga basi chako!"

Watu wakaanza kupiga mluzi, si ule wa gitaa, ule wa dharau. Wilfrido aliinua mkono kwa hasira: chukua. Rosendo aliigeuza santuri. Enilda hakuwahi kumwona akiigusa kwa namna ile, kwa ncha za vidole vitano, kama mtu anayemgeuza mgonjwa. Akashusha sindano.

Ulikuwa wa polepole kweli. Gitaa moja, ngoma inayoburuta mguu, halafu yule mwanamke. Sasa kwa kuwa alikuwa na jina, Enilda alimsikia vingine. Watu walisimama. Hakuna aliyecheza, na Enilda alihesabu pumzi: moja, mbili, tatu. Mtu wa mbele alikohoa. Wakiondoka sasa, wanaondoka moja kwa moja.

Ndipo Delcy, ambaye alikuwa amekuja kula tu, akavua viatu, akamshika Nelson fundi wa mabati mkono, akamvuta katikati ya vumbi, na wakaanza kucheza nusu ya mwendo, kama watu walio ndani ya maji. Jozi nyingine ikaingia. Kisha nyingine.

Simu zikainuka. Enilda aliziona kabla ya mtu yeyote: nne, kumi, ishirini, zimenyooshewa maspika, na moja ilikuwa ya kijana wa Trueno Verde.

"Rosendo! Simu!"

Rosendo aliruka kwenye maikrofoni. "Alcaraván! Alcaraván hana upande mmoja! Mwizi ameiba kanzu, mwenye kanzu yumo ndani!" Alipiga kelele mfululizo, hakuacha upenyo hata wa sindano, akamtaja baba yake, akaitaja Cartagena, akamtaja Elise Tshibola, akamtaja tena. Jasho lilimtiririka. Lakini wimbo wa polepole una mapengo mapana kuliko wa haraka, na mtu wa miaka hamsini na tatu ana mapafu mawili tu. Katikati ya ubeti wa pili sauti yake ilipasuka, ikatoka hewa.

Alinyoosha maikrofoni kwa Enilda.

"Shika."

"Mimi? Niseme nini?"

"Chochote! Piga kelele, mwanamke, wananasa!"

Hakuwahi kushika kitu kile. Kilikuwa cha moto na chenye mate. Pengo la gitaa lilikuwa linafunguka mbele yake, refu, safi, na simu ishirini zimelitegea.

"Arepa!" Enilda alipiga kelele, na sauti yake ikarudi kutoka ukuta wa mbali kubwa kama ya mtu mwingine. "Arepa za mayai! Zimetoka motoni! Nani ana njaa? Wilfrido, wewe una njaa, njoo! Delcy, kaza mguu! Alcaraván! Toa simu hiyo, nakuona, wewe mwenye fulana nyekundu, nakuona, mama yako namjua!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko na kucheza kwa pamoja. Kijana mwenye fulana nyekundu aliishusha simu. Yuleidis alikuwa anarukaruka kando yake akimwonyesha kwa vidole pengo linalofuata, sasa, Mami, sasa, na Enilda aliingia nalo, akamtaja bibi yake wa Palenque, akayataja mayai na bei yake. Rosendo aliinamia meza, mikono magotini, anavuta pumzi, hamtazami. Hakuwa amemsamehe, hilo lilionekana mgongoni mwake, na lingekuja nyumbani pamoja nao. Lakini aliinua kidole kimoja bila kugeuka, akionyesha kwamba ubeti wa tatu unakaribia, na kwamba una pengo kubwa kuliko yote.

Enilda akajaza kifua.